Waarmenia hawakuwa mamluki

Kuna wanaosikia kwamba Waarmenia walivaa sare za Ufaransa, za Urusi, hata za Mturuki mwenyewe, wakakimbilia kusema hao walifuata mshahara. Sikubaliani nao hata kidogo. Mamluki huchagua vita. Mwaarmenia wa 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, hakuwa na dola. Ardhi ya mababu zake iligawanywa kati ya Urusi na Uthmaniya, dola ya Waturuki, na kila upande uliwaandikisha vijana wake. Watu wa kabila moja wakajikuta wameelekezeana bunduki.

Waliotumikia Uthmaniya walilipwa ubaya kuliko wote. Baada ya Enver Pasha, waziri wao wa vita, kuchapwa na Warusi huko Sarıkamış, akatafutwa wa kubebeshwa lawama. Mwanzoni mwa 1915 askari wa Kiarmenia wakanyang'anywa silaha, wakapelekwa kwenye vikosi vya kazi kutengeneza barabara na kubeba mizigo. Wengi waliuawa humo humo, na wenzao wa jeshi lile lile.

Lakini kisa kinachonikera zaidi ni cha Wafaransa. Septemba 1915, meli zao ziliwaokoa Waarmenia zaidi ya 4,000 waliokuwa wamejihami dhidi ya Uthmaniya juu ya mlima Musa Dagh, zikawashusha Port Said, Misri. Kutoka kwenye mahema yale ya wakimbizi, Ufaransa ikapata askari. Novemba 1916 ikaunda Kikosi cha Mashariki, mafunzo yakafanyika Cyprus, na Waarmenia wengine wakavuka bahari kutoka Marekani kujiunga. Waliingia kwa sharti: watapigana na Uthmaniya tu, na kikosi hicho kitakuwa mbegu ya jeshi lao huko Kilikia, eneo la kusini mwa Uturuki ya leo. Hawa walijua wanachokitaka.

Tarehe 19 Septemba 1918 walipanda mlima Arara, Palestina, chini ya mizinga, wakauteka. Jenerali Allenby, kamanda wa Waingereza, akawasifu. Kisha wakaingia Kilikia pamoja na Wafaransa, na wakimbizi kwa maelfu wakarudi kwenye miji ya Adana na Marash, wakiamini bendera ile ya Ufaransa. Februari 1920 Wafaransa waliondoka Marash usiku, kimyakimya. Waarmenia walioshtuka wakawafuata kwenye theluji, na maelfu wakafa. Mwaka huo huo kikosi kikavunjwa. Oktoba 1921 Paris ikatia saini mkataba na Ankara, serikali mpya ya Waturuki, Kilikia ikarudishwa kwao. Fadhila za punda, kwa kweli.

Watetezi wa Ufaransa husema ilikuwa imechoshwa na vita na haikuwa na fedha. Sawa. Basi isingewarudisha watu majumbani mwao kwa ahadi ya kuwalinda.

Wasovieti nao walikuwa na lao. Vita vya Pili vya Dunia vilimpandisha Mwaarmenia Baghramyan hadi kuwa jemadari mkuu, na divisheni ya 89 ya Waarmenia ikafika Berlin. Khudyakov, jemadari wa anga, Mwaarmenia pia, Wasovieti hao hao walimpiga risasi mwaka 1950.

Na Missak Manouchian? Yatima wa mauaji ya 1915, alikulia ugenini, akaomba uraia wa Ufaransa mara mbili, akanyimwa. Bado aliongoza wapiganaji wa siri dhidi ya Wajerumani jijini Paris, hadi walipomwua Februari 1944. Mwaka 2024 Ufaransa ikamhamishia Panthéon, jengo la makaburi ya mashujaa wake jijini Paris, kwa gwaride na hotuba ya rais. Sherehe ilifana, nami sina neno nayo. Ila waliohutubia wangetaja Marash pia.