Treni Nimepanda Mara Moja, Deni Nalipa Kila Siku

Mimi nadaiwa na watu wawili. Wa kwanza ni mwenye duka hapa Majengo, mkate na sukari tangu Ramadhani. Wa pili ni Benki ya Exim ya China. Huyu wa pili hatujawahi kuonana, wala sikutia kidole kwenye karatasi yake yoyote, ila nasikia tunajuana kwa sababu ya reli.

Hebu mnieleweshe polepole. Mwaka 2014 nchi ilikopa dola bilioni 3.2 hivi za kujengea SGR, reli yetu mpya, kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mkopeshaji Mchina, mjenzi Mchina, na vichwa vya treni vikaja kwa meli kutoka huko huko. Ni kama shemeji yangu anikopeshe pesa za kuezeka nyumba, kisha fundi awe yeye, mabati yatoke dukani kwake, na pesa zenyewe zisitoke mfukoni mwake hata kuota jua. Kwangu kinabaki kivuli na deni. Kivuli kizuri, sikatai.

Nakijua, maana treni nimeipanda. Mara moja, 2017, nauli ya kufungulia ilikuwa shilingi 700 na shangazi alikuwa anaoza binti Nairobi. Stesheni yenyewe si mjini, iko Miritini, nikaifuata kwa matatu. Upande wa pili wakatushusha Syokimau, na kwa mtu mwenye kapu, Syokimau si Nairobi. Kilomita 470 na ushei za kuunganisha miji miwili, na katikati ya mji hujaingia hata mmoja!

Pale Miritini mizigo hupangwa chini mstari, mbwa apite anuse. Masanduku ya wenzangu akayapita kama hakuyaona. Kufika kwenye kapu langu, akakaa kitako. Watu wakasogea pembeni.

"Mzee, humu mna nini?" askari akauliza.

"Papa mkavu, mwanangu. Wa arusi."

Akafunua, akafunika upesi kuliko alivyofunua. Aliyehuzunika tukiagana ni mbwa peke yake.

Ndani raha, mwendo wa saa tano tu. Kule Tsavo nikaona tembo wamejengewa vivuko wapite chini ya reli. Tembo hadaiwi na mtu, ana kivuko. Mimi mdaiwa, Miritini nilivuka barabara kuu mbio na papa wangu kichwani.

Tangu Januari 2024 nauli ni 1,500, kwa hiyo nimebaki na safari yangu ile ile moja. Lakini hata usipopanda unalipa! Tangu 2013 kuna ushuru wa reli kwa bidhaa zinazoingia nchini. Hizi kandambili zangu zimetoka ng'ambo. Yaani natembea kwa miguu, na miguu yenyewe inalipia treni.

Oktoba 2025 serikali ikasema deni la SGR limetolewa kwenye dola, limewekwa kwenye yuan, pesa ya Wachina, riba ipungue. Hapo nikawavulia kofia. Jioni ile ile nikaenda dukani.

"Ndugu yangu, deni langu tulitoe kwenye shilingi, tuliweke kwenye mayai. Mama watoto anafuga kuku siku hizi."

Akafungua daftari, akalamba kidole, akarudisha kurasa tatu nyuma.

"Kuku gani? Hawa wanaokula chakula ulichokopa hapa?"