Nikiulizwa kocha bora wa Marekani, naanza na Ed Temple

Wamarekani wana desturi ya kuwajengea mashujaa wao wa michezo kumbi za heshima. Wa besiboli wana wao Cooperstown, jimbo la New York; wa mpira wa kikapu wako Springfield, Massachusetts; wa futiboli ya Kimarekani wako Canton, Ohio. Majina mapya yakitangazwa, mabishano hayaishi: nani kaonewa, nani kabebwa. Mabishano hayo nayapenda, na msimamo wangu siku zote ni uleule: kocha apimwe kwa alichoanza nacho, si kwa vikombe alivyomaliza navyo peke yake. Kwa kipimo hicho, jina langu la kwanza ni Ed Temple, kocha wa riadha ya wanawake.

Najua wengi mtaniambia John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu. Simpunguzii heshima hata kidogo. Mataji 10 ya vyuo vikuu katika misimu 12 akiwa na chuo kikuu cha UCLA si jambo la mchezo, na nampenda zaidi kwa jinsi alivyoanza kila msimu: aliwakalisha vijana wale warefu na kuwafundisha kuvaa soksi vizuri. Mkunjo ukibaki huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hachezi. Huyo ni mwalimu hasa. Lakini Wooden alikuwa na chuo kikubwa nyuma yake, na wachezaji wake walisomeshwa kwa skolashipu. Temple alikuwa na nini?

Alikuwa na uwanja wa vumbi usio na mistari, basi. Mwaka 1953 alikabidhiwa timu ya riadha ya wanawake ya Tennessee State, chuo cha Weusi mjini Nashville, enzi hizo kikiitwa Tennessee A&I. Kazi yake nyingine chuoni ilikuwa kufundisha sosholojia. Mistari ya uwanjani aliichora kwa fedha zake mwenyewe. Kwenda mashindanoni aliwapakia wasichana kwenye gari lake na kushika usukani. Na hiyo ni Marekani ya Kusini ya miaka ya 1950: mikahawa ya njiani haikuwahudumia Weusi, vyoo vya vituo vya mafuta walikatazwa. Chakula kilifungwa nyumbani, na haja ikiwabana gari lilisimamishwa kando ya barabara, wakaingia porini. Wakishuka hapo waende wakashindane na timu zilizolala hotelini.

Skolashipu za michezo kwa wanawake hazikuwepo. Wasichana wake walifanya kazi saa mbili kila siku hapo chuoni ili walipiwe masomo, ndipo waende darasani, ndipo waende mazoezini. Ni mfumo huohuo wa vyuo vya Marekani ambao baadaye uliwapokea wakimbiaji akina Henry Rono wa Kenya na Suleiman Nyambui wa Tanzania kwa ufadhili kamili. Wanawake wa Temple waliutumikia bila kupewa chochote cha bure.

Na hakuwaonea huruma kwa sababu ya shida hizo. Kanuni yake ilikuwa kila dakika moja ya kuchelewa mazoezi ni mzunguko mmoja wa ziada. Siku moja binti mmoja alipitiwa na usingizi akachelewa nusu saa. Akakimbia mizunguko 30. Kesho yake alifika nusu saa kabla ya wenzake.

Binti huyo ni Wilma Rudolph. Alizaliwa 1940 karibu na Clarksville, mtoto wa 20 kati ya watoto 22 wa baba yake. Polio ilimpiga mguu wa kushoto akiwa mdogo, akatembea kwa miaka akiwa amefungwa chuma mguuni, na mama yake alikuwa akipanda naye basi hadi Nashville kwa matibabu. Temple alimwona kwenye mpira wa kikapu wa shule, ambako yeye alikuwa akichezesha kama refa. Akiwa na miaka 16 Wilma alirudi na medali ya shaba kutoka Olimpiki ya Melbourne. Halafu ikaja Roma, 1960.

Hapo Roma, Temple ndiye kocha wa timu ya taifa ya riadha ya wanawake, na Wilma akashinda mita 100, kisha mita 200. Kwenye mbio za kupokezana vijiti, wanne wote walikuwa wake: Martha Hudson, Lucinda Williams, Barbara Jones na Wilma. Makabidhiano ya mwisho nusura yaharibike. Kijiti hakikukaa vizuri mkononi, Wilma akapunguza mwendo kukishika, Mjerumani akamtangulia. Akamfukuza, akampita, dhahabu ya tatu. Dhahabu zote za riadha walizopata wanawake wa Marekani katika michezo ile zilitoka kwenye ule uwanja wa vumbi wa Nashville. Zote.

Aliporudi, Clarksville walitaka kumpokea kwa sherehe zilizotenga Weupe na Weusi. Akakataa. Wakubwa wakasalimu amri, na maandamano na karamu ya kumpokea vikawa shughuli za kwanza katika mji ule ambazo watu wa rangi zote walikaa pamoja. Alikuwa na miaka 20. Kwangu mimi hilo liandikwe kwenye ukumbi wowote kwa herufi sawa na zile za medali.

Sasa niseme linaloniudhi kweli. Muulize shabiki wa riadha ni nani wa kwanza kutetea dhahabu ya Olimpiki ya mita 100, wengi watakujibu Carl Lewis, 1984 na 1988. Si kweli. Ni Wyomia Tyus, msichana mwingine wa Temple kutoka Griffin, Georgia: Tokyo 1964, Mexico City 1968, na ile ya pili kwa rekodi ya dunia. Alimtangulia Lewis kwa miaka 20. Kule Mexico alikimbia akiwa na kaptura nyeusi badala ya nyeupe ya timu, na medali yake ya kupokezana vijiti akaitoa kwa heshima ya Tommie Smith na John Carlos. Wale wanariadha wawili dunia nzima inawakumbuka kwa ngumi walizoinua jukwaani kupinga ubaguzi. Tyus hatajwi, na sioni sababu zaidi ya kuwa ni mwanamke.

Tennessee hiyohiyo ilimtoa Pat Summitt wa mpira wa kikapu. Alipewa timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 1974 akiwa na miaka 22, mshahara dola 250 kwa mwezi, akiendesha gari la timu na kufua jezi mwenyewe. Alimaliza na ushindi mara 1,098 na mataji 8, na kila mchezaji aliyemaliza naye miaka yake alipata shahada. Yeye na Temple walifariki mwaka mmoja, 2016.

Temple naye alijali shahada kuliko saa ya kupimia mbio. Aliwafikisha wanawake 40 Olimpiki, wakaleta medali 23, kati yake dhahabu 13. Katika hao 40, 39 walihitimu chuo. Ukumbi wa heshima wa Olimpiki wa Marekani ulimwingiza mwaka 2012, akiwa na miaka 84. Alikuwa amestaafu tangu 1994, na timu ilibaki mikononi mwa mmoja wa hao mabinti zake, Chandra Cheeseborough, mwenye medali tatu za Los Angeles 1984.