Kistari Kilichonikonyeza

Jumamosi moja, saa mbili asubuhi, nilibonyeza swichi ya kompyuta yangu ya mezani, feni ikaanza kuvuma kama kawaida, taa ndogo ya mbele ikawaka, nembo ya mtengenezaji ikajitokeza kwenye kioo kwa sekunde mbili tatu, kisha pakawa giza. Kilichobaki ni kistari kimoja cheupe katika pembe ya juu kushoto, kikiwaka na kuzimika, kikiwaka na kuzimika, kama mtu anayekukonyeza kwa sababu anajua jambo usilolijua. Nilisubiri dakika 10. Nikaizima na kuiwasha mara 4, na kistari kikaendelea kunikonyeza.

Sikuingiwa na hofu kubwa, kwa kuwa usiku uliotangulia nilikuwa nimenakili mafaili yangu yote ya maana kwenye flashi, kwa tahadhari ya siku kama hiyo. Habari ya flashi naomba msomaji aishike, maana mimi mwenyewe niliisahau.

Kumwita fundi hakukunijia akilini. Niliwahi kusimama nyuma ya fundi mmoja akifungua kompyuta na kuifunga, na kule kutazama nilikuwa nimeshakuhesabu kuwa ni ujuzi. Basi nikachomoa nyaya zote, nikaanza kuivuta sipiyu kutoka chini ya meza. (Najua kwamba sipiyu kwa haki ni kichakataji kilichomo ndani, wala si kasha zima, lakini kasha limeshaitikia jina hilo kwa miaka mingi na mimi si wa kulibatiza upya.) Kila nilipovuta, kitu fulani kilichochomekwa nyuma kiligonga ukuta. Ilikuwa ile flashi. Nikaichomoa, nikaitia katika mfuko wa shati.

Ugonjwa ulipona sekunde ile. Laiti ningerudisha nyaya na kubonyeza swichi, kompyuta ingewaka bila kinyongo na mimi ningekunywa chai yangu ingali moto. Badala yake nikaenda kutafuta bisibisi.

Ndani nilikuta vumbi lililojishikamanisha na mabapa ya feni kama sufi ya mto, nikalipangusa kwa brashi ya rangi, nikajiona daktari. Kisha nikaziendea kadi mbili za RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini. Nilikuwa nimesikia kwamba meno yake ya rangi ya dhahabu yakichafuka hukataa kushika, na kwamba dawa yake ni kuyasugua kwa ufutio wa penseli, jambo ambalo ni kweli na limewasaidia wengi wenye tatizo hilo. Mimi sikuwa nalo. Niliyasugua mpaka yakang'aa, nikazirudisha kadi kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto, nikawasha.

Kompyuta ikapiga kelele. Piii, piii, piii, bila kupumua, na safari hii hata kistari hakikuonekana. Milio hiyo ndiyo lugha ya mashine isiyoweza kuonyesha kitu kwenye kioo, na maana yake hutofautiana kwa mtengenezaji mmoja na mwingine. Mimi niliitafsiri kuwa bodi kuu imekufa, nikakaa sakafuni kwa muda kuiombolezea. Saa sita mchana ndipo nilipogundua kwamba kadi ya RAM haitaki upole hata kidogo. Unaiweka sawasawa kwenye mtaro wake, unaikandamiza kwa vidole gumba viwili huku bodi ikibonyea na moyo wako ukibonyea nayo, mpaka vile vishikizo vya pembeni viseme tak.

Milio ikanyamaza, lakini kioo kikaandika kwamba hakipokei ishara yoyote. Hapa nilipoteza saa mbili ambazo sitazisimulia kwa urefu, kwa sababu aibu ina kiwango: nilikuwa nimechomeka waya wa kioo kwenye tundu la bodi kuu, ilhali kadi ya picha, yenye tundu lake mwenyewe, ilikuwa chini yake kidogo ikinisubiri.

Kabla ya kulijua hilo, nilikuwa pia nimeing'oa ile betri bapa ya volti 3 iitwayo CR2032, kwa nia ya kuipumzisha. Kazi yake ni kuifanya saa ya kompyuta iendelee kutembea hata umeme ukikatika, kwa hiyo kompyuta ilipowaka hatimaye, jioni, iliamini kwamba tuko Januari ya miaka mingi iliyopita. Kila tovuti niliyoifungua ikatangazwa kuwa si salama, kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vilikuwa havijaanza kutumika. Nikarekebisha tarehe, kila kitu kikatengemaa, nami nikaandika katika kundi la ukoo kwamba nimeitengeneza kompyuta kwa mikono yangu, na mwenye yake inayosumbua asitupe fedha kwa mafundi.

Kisha nikaikumbuka flashi mfukoni, nikairudisha nyuma ya sipiyu, na kwa kujivuna tu nikaizima kompyuta na kuiwasha tena ili mpwa wangu, aliyekuwa ameingia wakati huo, ashuhudie.

Kistari kikanikonyeza.

"Shikamoo mjomba," alisema, akainama, akaichomoa flashi, akawasha. Kompyuta ikaamka.

"Marahaba," nikajibu, nikiwa bado nimeshika bisibisi.

"Imepangwa ianze kutafuta mfumo wa kuiendesha kwenye flashi kabla ya diski yake. Ikiikuta flashi haina mfumo, inabaki imeduwaa. Ulikuwa umefungua nini humu, mjomba?"

Kabla sijapata la kumjibu, simu ikalia. Alikuwa dada yangu, mama yake huyo kijana, ameandika kwenye kundi: "Hongera kaka. Yangu nayo inaleta giza tu, kesho asubuhi nakuletea."

Mpwa wangu akausoma ujumbe ule juu ya bega langu, akanyamaza kidogo kwa adabu.

"Mjomba, nije saa ngapi?"