Majibu ya ROS yanafia WhatsApp

Najua hili litawaudhi watu wangu wa roboti hapa Mombasa lakini acha niseme tu: tunasaidiana sana, ila hatusaidiani vizuri. Kijana akikwama na ROS saa tano usiku anatupa skrinshoti kwenye grupu, kabla hajamaliza chai yake kuna mtu yuko kwenye feri ya Likoni ashamrekodia sauti, "kaka, umesosi ile faili ya setup? Sosi kwanza alafu jaribu tena" (yaani apakie mipangilio ya ROS kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri), kweli inakubali, anatuma vidole gumba vitatu na mambo yanaishia hapo. Wiki ijayo anakuja mwengine na swali lile lile. Yule wa feri ashachoka kujirudia, hajibu, na ile sauti yake huwezi kuitafuta manake WhatsApp haitafuti kilichomo ndani ya sauti, basi mgeni anaona grupu limekufa, anatoka.

Kwa msioijua, ROS kirefu chake ni Robot Operating System lakini usidanganyike na jina, haikai badala ya Ubuntu, ule mfumo unaoendesha kompyuta, inakaa juu yake. Ni programu huria za kufanya kamera, mota, lidar (kifaa cha kupima umbali kwa leza) na ramani ya roboti ziongee. Willow Garage ya California ndo walioilea kuanzia 2007, na mpaka leo ni bure. Bure maana yake pia hakuna namba ya kupiga ukikwama, unategemea watu waliojitolea, na hao watu wana kazi zao na watoto wao.

Sasa shida ya kwanza ni majibu ya zamani. ROS ina matoleo mengi, na ROS 1 na ROS 2 ni ndugu wasiofanana. Toleo la mwisho la ROS 1, yaani Noetic, lilikoma kupewa masasisho Mei 2025, lakini tafuta tatizo lolote Google uone, bado unaletewa majibu ya miaka kumi nyuma yanakwambia uanze na roscore, ile programu kuu ya ROS 1 inayokutanisha zingine. Kwenye ROS 2 hakuna roscore! Mwanafunzi amejifungia chumbani Tudor anaandika amri ambayo haipo, anaambiwa haipatikani, anaamini ni yeye ndo hakuinstoli vizuri, kumbe jibu lilikuwa sahihi kwa toleo ambalo yeye hana. Mimi naona kila jibu lingeanza na jina la toleo, Humble au Jazzy au lolote lile, hapo juu kabisa kabla ya salamu. Na la zamani lisifutwe, libandikwe tu kwamba ni la ROS 1, kuna watu bado wana roboti za hivo.

Alafu kuna hili la lidar, na hapa nitakaa kidogo manake limewala watu wengi usiku mzima. Unawasha lidar, unaandika ros2 topic echo /scan, yaani nionyeshe data inayopita kwenye topiki (njia ya data) inayoitwa /scan, namba zinashuka kwenye terminali kama kawaida, raha. Unaandika programu yako ndogo ya Python isome hiyo hiyo /scan, kimya. Hakuna namba hata moja. Unaangalia jina la topiki, ni lenyewe. Unazima, unawasha, kimya. Sababu ni kwamba lidar nyingi zinatuma kwa masharti ya "natuma, ikifika imefika", na programu yako usipoiambia kitu inadai "lazima kila ujumbe ufike", basi hawa wawili hawakubaliani na hakuna kinachopita. Ile echo yenyewe inajirekebisha ifuate masharti ya anayetuma, ndo maana inakuonyesha namba na kukuchanganya zaidi. Ukiandika ros2 topic info /scan -v unayaona masharti ya pande zote mbili, na dawa ni mstari mmoja tu kwenye kodi.

Tuwe wa haki, ROS 2 inatoa onyo hapo. Lakini onyo linasema masharti hayaendani na ujumbe hautapokelewa, halikwambii ufanye nini, na kama umewasha vitu sita pamoja linapita katikati ya mistari mia hata hulioni. Wallahi lile onyo lingeongezwa sentensi moja tu, "badilisha hapa, soma ukurasa huu", maswali mangapi yangekufa kabla hayajaulizwa? Kwangu mimi huo ndo msaada wa kweli, programu yenyewe imsaidie mtu palepale alipoangukia, kuliko kungoja mwema mmoja aamke.

Na jamani, tuache kumwambia kila mtu "futa yote, instoli upya". Ushauri huo ni rahisi kwa mwenye fiba nyumbani. Faili ya Ubuntu peke yake inapita GB 4, bado ROS yenyewe, bado Gazebo ya kuigiza roboti kwenye kompyuta, na huyu kijana ananunua bando kwa pesa ya lanchi. Mara nyingi anayesema hivo hajui tatizo ni nini, anataka tu swali liondoke. Kama hujui, sema hujui, au muulize ametumia amri gani, hata hilo linamsogeza.

Ninachotaka mimi kwenye magrupu yetu ni kitu kimoja: ukisaidiwa, wewe uliyesaidiwa ndo uandike jibu. Wewe ndo bado unakumbuka ulichanganyikiwa wapi, bingwa alisahau zamani. Liandike mahali linapotafutika, na kama kosa lilikuwa la maelezo rasmi, kurasa za ROS 2 ziko GitHub, ile tovuti ya kuwekea kodi, na zina kiungo cha kupendekeza marekebisho, wanaosimamia watayapitia. Hata kurekebisha amri moja iliyokosewa inatosha.

Kuna watakaosema Kiingereza chao hakitoshi. Nimewaona, vijana wanajua tatizo barabara lakini wanaogopa kuchekwa, wanakaa nalo. Andika kwa Kiswahili bas, wa Kongowea na wa Tanga atakushukuru. Na ukipeleka kule GitHub, sentensi mbili za Kiingereza cha kubabaisha zinatosha mradi uweke toleo, amri uliyoandika, na kosa lenyewe ulilobandika kama maandishi. Sio picha ya skrini iliyopigwa na simu, pembeni kuna kikombe.