Matairi ya gari la spoti: daraja la juu au la kati?

Matairi ya gari la spoti yakiisha, wenye magari hugawanyika pande mbili. Wapo wanaoshikilia kwamba gari lirudishiwe tairi lilelile lililotoka nalo kiwandani. Wengine hujibu kwamba saizi ikilingana yanatosha, kinacholipiwa zaidi ni jina.

Upande wa kwanza una hoja nzito. Springi, shokapu na usukani wa gari hurekebishwa kiwandani pamoja na tairi maalumu. Ndiyo maana ubavuni mwa baadhi ya matairi kuna nyota ya BMW, MO ya Mercedes-Benz, au N na tarakimu kwa ajili ya Porsche. Tairi la jina lilelile lisilo na alama hiyo linaweza kuwa na mpira wa mchanganyiko mwingine au ukuta wenye ugumu mwingine, na dereva anayelijua gari lake huuhisi usukani umebadilika.

Hata hivyo, hoja hiyo hupita kiasi pale inapomfanya anayekwenda kazini na kurudi alipie uwezo ambao barabara ya kawaida haimruhusu kuugusa. Kati ya tairi la kifahari na lile la bei ya kutupa kuna daraja zima la kati, na mengi yake yanatoka kwa watengenezaji walewale wakubwa: Firestone ni ya Bridgestone, BFGoodrich ni ya Michelin, Falken ni ya Sumitomo. Kwa gari la barabarani tu, hapo ndipo thamani ilipo.

Tairi la bei ya chini kabisa ni jambo jingine. Kwenye lami kavu linaweza kukuridhisha kwa miezi. Tatizo hujitokeza siku ya mvua, unapokanyaga breki ghafla, kwa kuwa mpira unaoshika lami iliyolowa bila kuisha upesi ni ghali kuutengeneza. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, tazama alama ya mshiko kwenye maji. Lebo ya Umoja wa Ulaya huipanga kuanzia A hadi E. Kwa gari lenye nguvu, usishuke chini ya B.

Kisha piga hesabu ya kilomita. Chukulia tairi moja linauzwa 100 na kudumu kilomita 40,000, jingine 60 na kudumu 18,000. La kwanza linakugharimu 2.5 kwa kila kilomita 1,000, la pili 3.3, na bado utalipia kufunga na balansi mara mbili. Namba ya uchakavu iliyochapwa ubavuni, kama 200 au 340 (kubwa zaidi hudumu zaidi), husaidia kukadiria, ila kila mtengenezaji hujipimia mwenyewe. Ilinganishe zaidi ndani ya kampuni moja. Matairi ya 200 kwa kawaida hulenga uwanja wa mbio: yanashika sana, yanaisha haraka.

Pasipo na nafasi ya kubana matumizi ni kwenye uzito na spidi. Kwenye maandishi ya saizi ubavuni, kama 245/40 R18 97Y, 97 maana yake kila tairi hubeba hadi kilo 730, na Y ni kilomita 300 kwa saa. Usifunge lenye namba au herufi ya chini kuliko kitabu cha gari kinavyotaka, hata kama hukimbizi gari. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni, zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Punguzo kubwa mara nyingi ni la tairi lililokaa stoo miaka.

Kununua mawili badala ya manne huokoa fedha, lakini mapya yaende nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji gari huzunguka. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne halina uhuru huo. Tairi jipya lenye kashata za kina cha milimita 8 na lililobaki na 3 hutofautiana kipenyo kwa milimita 10, kama asilimia 1.5 kwa saizi iliyotajwa juu. Difu ya katikati italazimika kufidia tofauti hiyo muda wote, ipate joto na kuharibika.

Baki ya fedha iende kwenye alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu. Magari mengi ya spoti huinamisha magurudumu kwa ndani, na pembe zikipotea kidogo tu bega la ndani, yaani ukingo wa tairi, huwa kipara huku la nje likionekana zima. Chungulia upande huo tairi la zamani likivuliwa. Likiwa limelika ndani, rekebisha kabla jipya halijatembea.