Msinionyeshe kilomita, nionyesheni risiti

Mdogo wangu anatafuta gari, na kwa uwezo alionao litakuwa la zamani tu. Juzi kanitumia picha za moja alilolipenda: rangi, viti, na dashibodi iliyozungushiwa duara jekundu. Gari lina miaka 16 na limetembea kilomita 62,000. Muuzaji kaandika kwa herufi kubwa kwamba halijachoka. Nikauliza mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu za injini zifunguke na kufunga kwa wakati wake, ulibadilishwa lini. Hajui. Oili je? Hajui. Akamuuliza muuzaji, naye hajui, ila anasisitiza kuwa kilomita ni chache.

Hili linaniudhi kwelikweli, kwa sababu watu wanamaliza akiba zao kwa kuamini namba moja.

Tupige hesabu. Kilomita 62,000 kwa miaka 16 ni chini ya 4,000 kwa mwaka, yaani wastani wa kama kilomita 11 kwa siku. Basi ama gari lilikuwa limesimama muda mrefu, ama lilikuwa la safari fupi fupi, ama namba imerudishwa nyuma. Ndiyo, yupo pia mwenye gari mwangalifu aliyekuwa akilitoa mara mojamoja na kulihudumia kwa wakati. Nakubali yupo. Lakini mtu wa namna hiyo huwa na karatasi, na ukimuuliza habari za oili hapati kigugumizi.

Gari lisilotembea ni kama nyumba isiyokaliwa, linaharibika huku limefungwa. Mpira unazeeka kwa miaka, haungoji kilomita. Sili zinakauka na kuanza kuvujisha oili, bushi (vipande vya mpira kwenye maungio ya chini ya gari) zinapasuka, mipira ya maji inakakamaa. Tairi inaweza kuwa na kashata nzima, yaani mistari inayoshika barabara, na bado ikawa imekufa. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwake. Ukikuta 2314, imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na kashata hiyo isikudanganye. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu yakiwa yametulia humo humo kwenye mabomba, na yakishanyonya huchemka mapema, tena huleta kutu ndani ya mfumo. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari halijaenda popote.

Safari fupi ndizo mbaya zaidi, na hazisemwi. Injini inapowaka hutengeneza mvuke wa maji, na kiasi chake hupenya hadi kwenye oili. Ikipata moto wa kutosha kwa muda wa kutosha, maji hayo hukauka. Ukiizima kila baada ya dakika chache, yanabaki, yanachanganyika na oili na mabaki ya petroli, na mwisho wake ni tope linaloziba njia za oili. Kilomita hizo chache zimeila injini kuliko kilomita nyingi za barabara kuu.

Na mkanda wa taimingi! Kwa magari yanayoutumia, watengenezaji huweka mipaka miwili, ya kilomita na ya miaka, na unaofika kwanza ndio unaofuatwa. Gari la miaka 16 lenye mkanda wake wa kwanza limepitiliza, hata kama kilomita zake ni za mtoto. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni zinagonga valvu, na hapo unazungumzia kufungua injini.

Kuhusu namba kurudishwa nyuma, hiyo si hofu ya watu wenye wasiwasi. Marekani iliipiga marufuku kwa sheria mwaka 1972, na odometa (vihesabu kilomita) za kidijitali hazikuumaliza mchezo huo. Angalia mpira wa pedali ya breki, usukani, na ubavu wa kiti cha dereva anapopandia. Vikiwa vimelika sana kwenye gari la kilomita chache, ondoka.

Jirani yangu alikuwa na gari lililopita kilomita 300,000, na kwenye droo ya dashibodi alitunza bahasha ya risiti zote: oili, plagi, rejeta, mkanda, pampu ya maji. Lilipouzwa, wanunuzi wengi walitazama namba wakageuza. Aliyelichukua alikuwa fundi. Yeye aliomba bahasha kwanza.

Ukienda kuliona gari, shika boneti kabla ya kusalimiana sana. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini wameliwasha kabla hujafika, maana injini baridi ndiyo inayosema kweli. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto mara nyingi ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Halafu nenda na fundi uliyemchagua wewe. Muuzaji akikataa fundi wako asiliguse, mazungumzo yameishia hapo.

Wanaosema nunua jipya zaidi kwa sababu ya usalama, kwa hilo siwezi kuwabishia. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuserereka umekuwa lazima Marekani tangu magari ya toleo la mwaka 2012, na ya nyuma ya hapo mengi hayana. Pia kuna mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hadi kasha lake linaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kwa hiyo chukua namba ya chasisi, ambayo kwa magari mengi huwa na tarakimu na herufi 17, uitafute kwenye orodha ya magari yaliyoitwa kurekebishwa kabla hujalipa hata senti. Wanaosema jipya linakula mafuta kidogo, sawa, lakini pigeni hesabu pamoja na bei yake.

Mdogo wangu nimemwambia atenge fedha ya kwanza kabisa kwa ajili ya oili, filta, mafuta ya breki na gia boksi, mkanda na tairi, iwe nje ya bei ya gari. Bei ikimeza fungu hilo, basi gari hilo bado hajaliweza, na atafute la bei ya chini lenye karatasi zake.