Ujira wa Kutazama

Huu ni mwaka wangu wa pili hapa Kochi, katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, na aliyenitisha kwamba masomo ya uzamili yangenitoa jasho alikosea mahali pa kunitishia, kwa sababu mtihani mgumu uko kwenye kibanda cha chai. Sisi watu wa Tanga tumezoea kunywa chai kwa kitafunio na umbea kidogo, kisha kila mtu akaenda zake. Hapa chai yenyewe, ambayo wanaiita chaya, humiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine kwa urefu wa mkono mzima, na povu halijatulia bado mzee aliyejifunga mundu, yaani lile shuka jeupe ambalo ni ndugu wa kikoi, ameshakunja gazeti lake na kukuuliza uko upande gani. Haulizi Simba wala Yanga. Anauliza kama uko na mseto wa mrengo wa kushoto, LDF, au ule wa chama cha Congress, UDF, ambao walipokezana serikali uchaguzi hata uchaguzi kwa miaka kama 40, mpaka mwaka 2021 mrengo wa kushoto uliporudi kwa mara ya pili mfululizo na kuwavurugia wazee hesabu ya zamu.

Ukijibu ovyo umekwisha, kwa kuwa wote wanasoma. Sensa ya 2011 ilikuta watu takriban 94 katika kila 100 wanajua kusoma na kuandika, na mimi nadhani wale sita waliobaki husomewa gazeti na jirani.

Siasa hiyo hiyo ndiyo iliyonifanya ninunue friji. Chama kikikasirika hutangaza hartal, na siku hiyo maduka hufungwa, mabasi hulala, na mtu asiyeweka akiba hushinda kwa ndizi moja. Mahakama Kuu iliagiza mwaka 2019 kwamba hartal itolewe notisi ya siku saba, lakini notisi haina faida kwa mtu ambaye samaki wake huoza siku ya pili. Basi nikanunua friji kuukuu kwa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda kufanya kazi Muscat, kama walivyofanya maelfu ya Wamalayali, yaani wenyeji wa Kerala, tangu mafuta ya Ghuba yalipopanda bei miaka ya 1970. Yeye alinikabidhi friji, nami nikamkabidhi salamu za shangazi yangu anayeishi huko huko.

Tulilishusha wawili, mimi na mwanafunzi mwenzangu, kutoka kwenye kigari cha kukodi. Wakati tunahema, mahamali wanne walikuja wakasimama chini ya mfenesi, mikono nyuma, wakatutazama kwa utulivu wa watu walioalikwa harusini. Tulipoliweka friji chini, mkubwa wao alisogea na kudai malipo. Nikamwambia, "Chetta," maana ndivyo anavyoitwa kaka mkubwa hapa, "hamkugusa kitu." Akaniambia kwa upole kwamba hilo analijua, na kwamba alichokuwa anadai ni nokkukooli, ambayo maana yake ni ujira wa kutazama.

Nilijiona nimejiandaa. Nikamweleza kwamba serikali ya jimbo ilikwisha kupiga marufuku malipo hayo kuanzia tarehe 1 Mei 2018. Akafurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. Alikubali kwamba tarehe ni sahihi, akaongeza kwamba kulikuwa na sheria ya mahamali ya mwaka 1978 ambayo sikuitaja, kisha akanirudisha hadi 1957, E. M. S. Namboodiripad alipounda serikali ya kikomunisti kwa kura za wananchi, na 1959, serikali kuu ya Delhi ilipoifuta serikali hiyo ya jimbo. Jua lilikuwa la saa saba mchana. Alipomaliza ya kwao akahamia ya kwetu: alitaka nimweleze, mimi Mtanzania niliyesoma, vijiji vya Ujamaa vilikwama wapi. Nilimjibu kwamba friji ni zito.

Jibu hilo halikumridhisha, na nafikiri ndilo lililopandisha bei. Tulivutana, wenzake wakichangia hoja kwa zamu na kwa adabu kubwa, na mwishowe nikatoa nusu ya walichotaka, si kwa sababu nilishindwa na sheria bali kwa sababu nilishindwa na historia ya nchi yangu mwenyewe.

Walikuwa wameanza kuondoka tulipofika kwenye ngazi. Ngazi ya nyumba hii ni nyembamba na ina kona, na friji likakwama hapo kwenye kona, mwenzangu akiwa juu, mimi nikiwa chini. Nikapaza sauti, "Chetta, tafadhali, si tumeshawalipa?"

Akageuka, akakunja mundu wake hadi magotini kama mtu anayejiandaa kwa kazi, akatutazama.

"Mmelipia kutazama," akasema. "Kubeba kuna bei yake."